Ulimgeukia Donatien

Norbert, mwanangu,

Umetoka hapa sasa hivi na shati ambalo mama yako alilipiga pasi kwa ajili ya safari, umekwenda kula kwa Donatien. Chakula cha mwisho kabla ya treni, na unakwenda kukila kwake. Nakuandikia waziwazi ili usije ukadhani nimeudhiwa na jambo jingine. Nina wivu. Wiki hizi zote nimejaribu kuupa majina mengine, mara uchovu, mara mgongo, mara kazi, na kila mara mama yako amecheka mpaka akajishika kiuno.

Mambo ya njiani sitayaandika. Mama yako yuko jikoni anafunga samaki wa Pweto, na atakueleza mwenyewe maji gani usinywe kwenye meli ya mtoni na mtu wa namna gani usimwachie sanduku lako, kisha kesho alfajiri ataanza upya. Mimi nina neno moja tu la kukujibu. Asubuhi uliniuliza habari za stesheni, "Baba, kesho utakuya ku gare?" nami nikasema, "Tutaona." Ulisimama kidogo ukingoja, halafu ukachukua ndoo ukaenda bombani. Hilo "tutaona" limenifuata mchana kutwa. Nikimaliza kuandika nitaiweka barua hii juu ya godoro lako, uikute ukirudi, maana jibu lenyewe siwezi kulisema mbele ya uso wako. Utaona kwa nini.

Watu wa Katuba wananiita Mwalimu. Wewe mwenyewe umekua ukisikia hivyo na hukuwahi kuniuliza nani alinifundisha mimi. Labda uliona haya kwa niaba yangu, kwa sababu hujawahi kuniona nikicheza mchezo mzima wa tenisi na mtu. Basi sikiliza. Babu yako alishuka kutoka kaskazini kuja kutandika reli, akaniacha Lukafu kwa mjomba wangu ambaye alikuwa mwindaji. Mjomba alikuwa akinitoa kitandani giza halijaisha, tunafika mahali ananionyesha alama ardhini, ananiuliza: huyu alipita akitembea au akikimbia? Alikuwa ameshiba? Aliogopa nini hapa? Nikikosea alinyamaza tu, tukaendelea. Hakuwahi kuniambia "vizuri" hata siku nilipopatia, na mimi nikadhani ndivyo watu wanavyofundishwa.

Nilipofika Élisabethville nikiwa kijana, nilipata kazi ya koleo kwenye klabu moja ya Wazungu. Viwanja vya tenisi vya mji huu, kama unavyojua, vimetengenezwa kwa udongo wa vichuguu. Tulikuwa tunabomoa vile vichuguu vikubwa vinavyozidi nyumba, tunauponda udongo, tunauchekecha, tunautandaza, tunaumwagia maji kidogo kidogo, halafu tunavuta rulo ya jiwe mpaka uso ukaze. Maji yakipungua, udongo unapasuka. Yakizidi, unateleza kama bamia, na ukikauka unafanya nyufa mbaya zaidi. Nilikijua kipimo hicho kwa kiganja tu.

Asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia. Lakini kabla ya kufagia nilikuwa nasoma, sikuweza kujizuia. Mchezo wote wa jana ulikuwa umelala pale chini. Hapa mtu aliteleza kwa mguu wa kushoto akaufikia mpira. Hapa alichelewa, akaupiga akiwa ameegemea nyuma. Hapa alikuwa ameshakata tamaa, hatua zake ni fupi, anaburuta vidole. Kulikuwa na bwana mmoja wa benki, mnene, ambaye hakupenda kukimbilia upande wa kushoto, na kulikuwa na mke wa daktari ambaye miguu yake haikulala hata mara moja. Yule mama alipiga hatua ndogondogo kabla ya kila mpira, na sijui kama alipoteza mchezo mwaka mzima. Nilimpenda yule mama kwa miguu yake. Uso wake nisingeutambua njiani, kwa sababu kule nilizoea kuangalia chini. Ukitazama chini hakuna anayekuuliza unatazama nini.

Siku moja alikuja bwana mmoja kucheza, na mwenzake hakutokea. Alikaa muda mrefu. Mwisho akasimama katikati ya kiwanja na raketi mbili mikononi, akanitazama mimi na ufagio wangu. Sijui alitaka nini. Pengine alitaka kuniuliza saa. Lakini ninavyokumbuka, aliisogeza ile raketi ya pili mbele kidogo, na hapakuwa na mtu mwingine yeyote pale. Ningeweza kusema, "Bwana, naomba nijaribu." Angekataa, ningeendelea kufagia, basi. Mimi niliinamisha kichwa nikafagia mpaka akaondoka. Nimeoa, nimepata watoto, nimepata mvi, na bado nikishika ufagio namwona amesimama pale. Sikuomba, Norbert. Mwanangu, hilo ndilo gonjwa langu, na wivu ni mtoto wake tu. Mtu asiyeomba hubaki kuwatazama waliopewa.

Tulipopata lupango hapa Katuba, eneo la kujenga nyumba, na ule ukanda wa ardhi wa pembeni ambao hakuna aliyeutaka, nilijenga kiwanja. Udongo niliubeba kwa baiskeli, gunia juu ya gunia, na vijana wa mtaa wakanisaidia. Wavu alitutumia shemeji yangu kutoka Pweto, wavu wa samaki kabisa, na miezi ya mwanzo paka wote wa Katuba walikuja kuunusa. Raketi zilikuwa zile zilizotupwa na klabu kwa kuvunjika, nikazifunga kwa waya. Donatien alikuwa wa kwanza kuja. Mtoto wa yule mpiga honi wa treni, mrefu, mikono kila mahali, mguu pekupeku. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Nilimfundisha kama mjomba alivyonifundisha, na wewe nikakufundisha vilevile. Unaijua sheria yangu: jioni tunacheza, hakuna anayefagia, asubuhi tunarudi kusoma. Wengine walikimbia, walitaka kupiga mpira tu, hawakuona maana ya kuchuchumaa kutazama vumbi. Ninyi wawili mlibaki. Nilikuwa nakuambia mpira mbaya unaweza kuingia ndani na mzuri ukatoka nje, kwa hiyo usiuamini. Tazama mguu ulikuwa wapi wakati unapiga. Mpaka leo naamini hivyo. Sitaki huko Léopoldville unakokwenda wakuambie kwamba baba yako alikuwa mtu wa uchawi wa udongo. Umekuwa mchezaji kwa sababu ulijisoma mwenyewe kila asubuhi, hata ulipolia kwa baridi ya mwezi wa sita.

Nimekwambia mazuri ya njia yangu. Sasa ubaya wake. Jioni moja Donatien alimshinda kijana wa mtaa wa Kenya aliyekuwa anatamba mji mzima. Alinijia jasho linamtiririka, anacheka, akaniuliza, "Mwalimu, leo nilichezaka muzuri?" Mimi nilikuwa natazama ardhi. Nikamwambia, "Kisigino ya kuume ilichelewa." Kicheko kikafa. Hakuniuliza tena mpaka siku aliyoondoka kwenda Léopoldville kutafuta kazi, na siku hiyo sikwenda gare kumsindikiza, nilisema nina kazi. Sikuwa na kazi.

Kwa hiyo aliporudi kiangazi hiki kwa likizo yake, suruali nyeupe, nywele zinanukia mafuta, moniteur, mkufunzi wa tenisi wa klabu ya Waafrika huko, nilijua amekuja kuchukua kitu. Nilidhani labda anataka ushauri. Alikuja kukuchukua wewe. Amekutafutia ukarani kwenye kampuni anayofanyia kazi, amezungumza na wakubwa wake, makaratasi yote ya safari amekimbilia yeye. Mama yako alimpa samaki mkubwa kuliko wote na sahani ya pili ya ugali wa bukari. Mimi nilikula kichwa cha samaki nikasema nimeshiba.

Tena ana kelele. Wewe ukipiga, yeye anaruka kutoka benchi kukusifu: "Bien joué, petit! Formidable!" Kwa mpira ambao mimi ningekuonyesha makosa yake mawili. Nilikuwa nasimama pale penye nguzo ya wavu, mahali pangu, najiambia: huyu anamharibu mtoto kwa sukari. Lakini ulikuwa unacheza vizuri zaidi. Hilo ndilo lililoniuma. Kama ungekuwa unacheza vibaya ningelala usingizi.

Kisha lile jambo la jirani yetu Mama Kayumba. Unajua nyuma ya mstari wetu hakuna nafasi, ni hatua chache halafu shamba la mboga yake ya lengalenga linaanza. Tangu siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Ndiyo maana mnasimama ndani na kuudaka mpira ungali unapanda, wewe na Donatien, na watu wanafikiri ni kipaji; mlikuwa mnaogopa kukanyaga mboga ya mama wa watu. Mpira ukiingia kwake alikuwa anasimama na jembe lake anaita, "Ngoie! Balle yako iko mu lengalenga yangu. Kuya uombe!" Nami sikwenda. Nilingoja aende sokoni, nikaruka kama mwizi. Donatien amekaa hapa siku chache tu, kavuka, kamsalimia, kamwomba aache safu ya mwisho ili upate nafasi ya kurudi nyuma. Mama Kayumba akacheka, akang'oa safu yote siku hiyohiyo, akampa na karanga za kwenda nazo. Miaka yote ile, Norbert! Nilimuuliza kwa nini amekubali. Akanijibu, "Si aliomba? Weye hauyaombaka."

Viatu navyo. Alikuletea viatu vyeupe vya mpira, ukavivaa ukazunguka lupango yote ukimwonyesha mama yako. Hukujua umeniziba macho. Vidole vyako nimevisoma tangu vikiwa vidogo, nilijua siku uliyoamka vibaya kwa jinsi kidole gumba kilivyochimba. Sasa asubuhi nikichuchumaa nakutana na mistari ya soli, ileile kila mahali, na yake na yako inafanana. Siku za kwanza nilikuwa nashindwa hata kutofautisha wewe ni yupi.

Lakini niliendelea kusoma, kwa ukaidi. Ijumaa ile mlicheza bila mimi, nilikuwa kazini, na Jumamosi asubuhi nikaenda kiwanjani peke yangu. Nikakuta alama ambayo naijua kuliko alama yoyote: kisigino chako kimejisokota baada ya kupiga. Unakumbuka nilivyokugombeza kwa hiyo? Tangu ukiwa mdogo. Unapiga mpira mzuri, halafu badala ya kurudi katikati unazungusha kisigino, mwili wote unageuka pembeni. "Juu ya nini unageuka? Balle haiyakufa!" Nilikupigia kelele mpaka ukawa unaitikia kabla sijasema. Haikutoka. Nilimwambia hata mama yako kwamba mtoto huyu ana kasoro moja tu na itamgharimu. Siku zote kisigino kilielekea upande mmoja, upande wa nguzo. Jumamosi ile visigino vyote vilielekea upande wa pili, kwenye benchi analokaa Donatien ukicheza na vijana wengine.

Niliielewa alama ile papo hapo, wivu hauhitaji mkalimani. Ulipiga mpira mzuri, ukamgeukia Donatien. Ukapiga mwingine, ukamgeukia Donatien. Nilifuata kiwanja chote, kila penye mpira mzuri palikuwa na uso wako umemwelekea yeye. Nilikwenda bombani nikajaza ndoo, nikamwaga. Nikajaza tena. Mimi, ninayejua kipimo cha maji kwa kiganja, nilizamisha kiwanja changu mwenyewe ili msicheze siku hiyo. Na ukanikuta.

"Baba, uko nafanya nini?"

"Niko namwanga mayi. Udongo umekauka."

"Mayi yote hii?" Ulitazama matope, ukanitazama. "Baba, weye uko na wivu sawa mutoto."

Hukupiga kelele, ungepiga kelele ingekuwa nafuu. Ulinitoa ndoo mkononi polepole kama mtu anayemnyang'anya mgonjwa kisu, ukaiweka kando. Ulikuwa umesema kweli, na kuambiwa kweli na mtoto uliyemfuta pua ni jambo zito.

Donatien alipokuja hakuuliza kitu. Alivua viatu vyake vyeupe, akakunja suruali, akashika rulo upande mmoja. Upande mwingine nilikuwa mimi, ningefanya nini? Tukavuta. Wewe ulikwenda kumsaidia mama yako, nadhani ulituacha kwa makusudi. Nikaona vidole vyake matopeni, vilevile, kirefu kile cha pili bado kimepinda. Akasema huku anahema, "Kule kwetu iko ciment, Mwalimu. Asubuhi unafika, hakuna kintu chini. Njo maana miye minamuangaliaka muntu ku uso." Kisha akaongeza kwamba wachezaji wake huko wanalijua jina langu, kwamba huwaambia habari za Mwalimu wa Katuba. Hata hilo lilinikera. Jina langu limefika Léopoldville, mimi sijafika.

Alipoondoka nilibaki nimeegemea rulo. Mama Kayumba alikuwa shambani kwake, ameona yote, yeye haoni haya ya kuona. Akaniita.

"Ngoie, unamukasirikia mutoto juu ya kumuangalia ule kijana?"

Nikamwambia anageuka hovyo, ni kasoro ya tangu zamani, kwanza alikuwa anageukia nguzo na sasa anageukia benchi.

Akaegemea jembe. "Ku nguzo banani balikuwaka?"

Nikaitazama nguzo.

"Ulikuwaka weye," akasema. "Miye niko hapa na lengalenga yangu miaka yote. Mutoto anapiga balle muzuri, anakuangalia. Weye unaangalia chini. Kisha unamugombeza. Nilisemaka, huyu baba iko namna gani?"

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilijua kila kisigino, Norbert. Ningeweza kukuchorea. Nilijua kwamba alama ile hutokea kwenye mipira mizuri tu, ile ambayo haikurudi, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini. Nilijua inaelekea nguzo. Nilijua nasimama wapi. Nilisoma kila kitu kilichoandikwa pale isipokuwa kwamba kiliandikwa kwangu. Ulikuwa unaniuliza lile swali la Donatien, kila jioni, bila kufungua mdomo, na mimi nilikuwa nakujibu kwa ukali kwamba una kasoro ya mguu.

Ningeinua macho mara moja tu ningeona uso wako. Leo najaribu kuukumbuka uso wako ukiwa na umri wa kubeba maji, baada ya mpira mzuri, na sina. Nina miguu yako yote. Uso anao Mama Kayumba, na sasa anao Donatien, na hapo ndipo wivu wangu unapolala na kuamka. Simwonei wivu kwa ajili ya suruali wala Léopoldville. Namwonea wivu kwa ajili ya ule uso.

Basi ushauri wangu ndio huu, na ni mdogo. Omba. Ukihitaji nafasi, ukihitaji mtu wa kucheza naye, ukihitaji kujua kama umefanya vizuri, fungua mdomo uombe. Ukikataliwa utakuwa umekataliwa, mtu hafi. Usikae kando ukisoma mambo ya wengine mpaka ukajiona una akili. Na siku moja ukimfundisha mtu, mfundishe miguu, usiiache miguu, lakini kila akimaliza inua kichwa. Mwambie na lile la kisigino, mwambie na kwamba amecheza vizuri. Yote mawili yanaingia katika pumzi moja, nimejaribu leo peke yangu chumbani na imewezekana.

Kule ni saruji. Hakuna alama itakayobaki asubuhi, na hata ikibaki, sitakuwepo. Kwa hiyo ukipiga mpira mzuri, geuka. Geuka mwili wote, mtazame Donatien, na yeye aruke kutoka kwenye benchi na kelele zake. Anastahili. Wivu wangu utakuwepo, sitakudanganya kwamba umepona. Nikikuwaza unamgeukia, utaniuma upya. Nitavumilia. Nitamlilia mama yako na atacheka.

Ila kwa kuwa nimekuambia uombe, acha nianze mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Naomba kitu, mwanangu.

Nitakuja gare. Utanikuta upande ule wa ghala, kuna nguzo ya taa pale, nitasimama karibu yake kama ninavyosimama siku zote ili usinitafute. Donatien atakuwa ameshapanda na masanduku, mama yako atakuwa bado anakueleza habari za samaki. Vaa viatu vyako vyeupe, sina neno. Ukiweka mguu kwenye ngazi ya behewa, kabla hujaingia, zungusha kisigino. Uligeuka mara nyingi sana, geuka mara moja tena. Nitakuwa nimeinua macho.

Baba yako,
Fidèle Ngoie